Mke Mwenza Aliyenishikia Makuta

Nilinunua milango sita. Nyumba hatukuwa nayo. Tulikaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya madini, na milango yake ilikuwepo tangu enzi za Wabelgiji, mizito, ya kijani, isiyohitaji wenzake. Lakini siku ile nilipita kwa seremala, nikaona milango mipya imeegemezwa ukutani, inanukia mbao, nikajua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba Mungu ananionyesha jambo. Mshahara wa mume wangu, uliochelewa miezi, ulikuwa kwenye fundo la kitenge changu. Nikafungua fundo. Seremala hakuuliza nyumba iko wapi. Mpaka leo namkasirikia. Mtu anayemuuzia mwanamke milango sita bila kuuliza hata nyumba ina vyumba vingapi, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali.

Nilipelekwa mimi.

Daktari wa hospitali ya kampuni alikuwa hajakimbia bado, na dawa zilikuwa hazijaisha. Akanitajia ugonjwa wangu kwa Kifaransa, jina refu. Sasa nasikia wamelifupisha, wanasema bipola. Akanieleza vizuri, bila kunionea huruma.

"Mama, kuna wakati kichwa yako itapanda. Hautalala, hautachoka, utaona kila kitu inawezekana. Kisha itashuka, na hata kunawa uso itakuwa kazi. Pa katikati utakuwa mutu kama batu."

"Na hapo katikati ni parefu?"

Akacheka. "Ukimeza dawa, ni parefu."

Nilimpenda mtu yule. Muuguzi wake sikumpenda. Huyo alinipa mashauri ya kubana matumizi: kila ukitaka kununua kitu, eti, nenda ulale kwanza, ukiamka bado unakitaka, basi nunua. Labda Ulaya. Kwetu miaka ile ukilala na makuta, yaani pesa zetu, unaamka na karatasi za kufungia karanga. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Siku ya mshahara wanaume walitoka dirishani kwa mhasibu wakikimbia, na wake zao wanawangoja getini, magunia yameshafunguliwa midomo. Niliwaona mainjinia wanakimbia. Niliwaona makatekista wanakimbia, noti zimejaa kwapani, wanapigana vikumbo kwa ajili ya mfuko wa unga. Nikasimama pale nikiwatazama kwa hasira. Hawa ndio wazima? Mji mzima ulikuwa umepanda kichwa, mwenye cheti cha hospitali nilikuwa mimi peke yangu.

Sawa, wao walinunua unga na mimi nilinunua milango. Nakubali, hiyo ni tofauti.

Kwa hiyo kuweka akiba, kwetu, kulikuwa kuyaondoa makuta mkononi haraka na kuyageuza kitu kisichooza upesi wala kupungua thamani: chumvi, sabuni, mafuta, unga. Jambo hilo nililijua vizuri. Nilisoma mpaka sekondari, hesabu haikunishinda. Kilichonishinda ni ule mwendo mfupi kutoka nyumbani hadi sokoni. Kichwa kikiwa kimepanda, katika mwendo ule kulikuwa na mambo mengi mno mazuri.

Mume wangu, fundi wa umeme kiwandani, mtu mpole, alijaribu. Alificha makuta ndani ya kiatu, nikayapata. Alijaribu kuninyang'anya, nikamng'ata. Alama iko. Na baada ya milango ile akaja mama yake kutoka Kabalo kwa gari la moshi, mwanamke mnyoofu wa mgongo na wa maneno, anayesali rozari huku anakutazama. Alikaa siku chache, akaangalia milango iliyojaa barazani, akaangalia watoto wangu, msichana anayeanza shule na mvulana niliyekuwa bado namnyonyesha. Halafu akamwambia mwanawe mbele yangu:

"Akiharibu makuta mara ingine moja, minakuya kubeba batoto. Bataenda kula samaki ya muto na kulala salama."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ningepata ubaya ningeujibu. Tangu siku ile sikununua hata kiberiti bila kuisikia sentensi ile: mara ingine moja.

Aliyeniokoa hakuwa mtu wa maana. Alikuwa bibi kizee wa nyumba ya pili, mjane. Mume wake aliletwa na kampuni kutoka Kasai angali kijana, akachimba, akakohoa, akafa. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi na Kasai hakuijua. Alivuta tumbako ya puani, aliongopa bila haya, na karanga alizouza alizipima kwa kikopo kilichobonyezwa kitako. Lakini mtaa mzima tulimwita kambo, na kwetu kambo, yaani mzazi wa mzazi, ana haki zake. Kambo mwanamke anamwita mjukuu wake wa kiume "bwana yangu." Kwa hiyo mke wa mjukuu ni nani kwake? Ni mke mwenza. Na mke mwenza anatukanwa, anaporwa, anachekwa mbele ya watu, naye haruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia kambo katika mchezo huo unalipa kuku, na utasimuliwa mpaka uzee wako.

Siku ya kwanza nilikuwa nimepanda tena. Makuta yako kwenye fundo, nakwenda kununua vitenge vya kuvalisha kwaya yote ya parokia, sauti ya kwanza rangi yake, sauti ya pili rangi yake. Nilikuwa nimeshawaona wanavyopendeza. Kambo akanisimamisha njiani, penye bomba la maji, wanawake wamejaa na ndoo zao.

"Weye! Muke mwenza! Unapeleka wapi makuta ya bwana yetu?"

"Niache, kambo. Naenda kununulia kwaya bitenge."

"Kwaya! Bwana yetu analala na kaputula ya matundu, weye unavalisha kwaya! Muangalie huyu bibi, ba mama. Uzuri hana, bukari yake ya unga inabaki na mabonge, na sasa eko anatafuta bwana ingine mu sauti ya tatu!"

Bomba zima likacheka. Naye akatia mkono kiunoni mwangu, akafungua fundo polepole kama analifungua lake, akatoa makuta yote.

"Kasirika basi! Kasirika tuone. Nina hamu ya kuku."

Damu ilikuwa imeshanipanda. Mume wangu angefanya vile ningemng'ata upande wa pili. Lakini watu wanacheka, na mimi nikiwa juu hakuna ninachokipenda kuliko watu wanaonitazama. Kwaya ikawa ndogo ghafla. Nikamjibu.

"Chukua, muzee bila meno! Chukua yote! Bwana mwenyewe akikuona anakimbilia Fungurume kwa miguu!"

"Anakimbia sababu minamuchosha!"

Tulitukanana pale mpaka ndoo zikafurika, na nilipokumbuka vitenge, kambo alikuwa ameshaingia sokoni.

Jioni akaleta unga, chumvi, mche wa sabuni na kichupa cha mafuta. Vingine akaviweka chini ya kitanda chake. Sukari aliifungua mbele yetu, akajipimia kikombe kimoja.

"Ile ya nini, kambo?" mume wangu akauliza.

"Ya kazi yangu ya muke. Ama unafikiri minakupenda bure?"

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mume wangu akilipwa ananipa makuta mimi, mkononi, kama mume anavyompa mke wake. Natoka nayo kichwa juu. Kambo yuko njiani. Naomba mtu anielewe hapa, maana wengi hawaelewi: sikuwa mgonjwa aliyenyang'anywa makuta na watu wazima. Nilikuwa mke aliyeporwa na kambo. La kwanza linakuvua nguo. La pili linachekesha bomba la maji.

Na kubana alibana, bibi yule! Nyama aliifuta. Samaki ya tomsoni, ile ya barafu, ikawa ya Jumapili, siku nyingine ni ndagala, dagaa wetu, kidogo na sombe ya majani ya muhogo, au matembele ya nyuma ya nyumba. Mkate wa asubuhi akauita uvivu wa Wazungu, tukala viazi vitamu. Sabuni aliikata kwa uzi kama anakata jibini, akanipa kipande cha juma. Mimi, niliyefundishwa aljebra na masista, napewa sabuni ya kukata! Nilinuna. Alinijibu kwamba aljebra haitoi povu.

Milango nayo aliiuza, mmoja mmoja, kwa watu waliokuwa wanajenga mtaa wa Kasulo. Hakuwa na haraka. Na hapo ndipo likatokea jambo ambalo mtaa haukulipenda: kila mlango ulipouzwa, bei ilikuwa imepanda pamoja na bei ya kila kitu, wakati makuta ya wenye akili waliyoyaficha chini ya godoro yalikuwa yameshakufa. Ugonjwa wangu ulikuwa umeweka akiba kuliko katibu wa parokia. Nililisema hilo bombani kwa sauti. Mume wangu akauliza taratibu kama basi tununue milango mingine. Nilimrushia mwiko.

Kwa kila mlango, kitu cha kwanza kilichonunuliwa ni dawa zangu. Hospitali ilikuwa imebaki rafu tupu, daktari wangu ameondoka na wenzake kutafuta kazi nchi nyingine, na vidonge vililetwa na madereva wa malori waliotoka Zambia. Kambo aliweka sheria: kidonge kabla ya chumvi. Alisema mboga bila chumvi inamezeka, lakini mke mwenza bila kidonge anamaliza nguvu za mzee.

Nikishuka, hakuwa mpole zaidi. Nililala nimegeukia ukuta, sitaki mtoto, sitaki jua, na makuta yakinipita nisiyaone. Aliingia bila hodi, akaketi miguuni pangu, akavuta tumbako, akapiga chafya.

"Angalia mutu mwenye raha! Weye unalala muchana, mi nafanya kazi ya babibi babili. Bwana akinipenda zaidi usilie."

Akanivuta mpaka kizingitini, akaniwekea chumvi imefungwa vifurushi, niuze. Sikuuza kwa kupenda. Niliuza kwa sababu kukataa kulikuwa kunachosha zaidi kuliko kuuza.

Tulikwenda hivyo vizuri, nasema kweli, kampuni inaanguka upande mmoja na sisi tunakula upande mwingine, mpaka likaja jambo la kufukuza watu.

Lilianza kwa maneno. Kwamba walioletwa kutoka Kasai wamejaza viti vya ofisi, kwamba warudi kwao. Kisha wakaja vijana wenye fimbo, mlango kwa mlango, wanauliza watu majina ya baba zao. Vijana tuliowapangusa kamasi sisi! Mmoja alikula karanga za kambo kwa mkopo utoto wake wote. Nyumba zilianza kuhamwa. Familia zikaenda stesheni na magodoro, zikakaa chini hapo zikingoja gari la moshi lililokuja likitaka. Hasira yangu ya wakati ule sijaimaliza na sina haja ya kuimaliza.

Walipofika kwa kambo wakamwambia aondoke kesho yake.

"Niende wapi?" akawauliza.

"Kwenu, Kasai."

"Munionyeshe njia basi. Mi sijafikaka huko."

Jioni ile alivuka uani kwetu na kigari cha kusukuma, amepakia vitu vyangu vyote vilivyokuwa chini ya kitanda chake, unga, chumvi, sabuni, na sukari ikiwa pungufu kama kawaida. Mama mkwe wangu alikuwepo. Alikuwa amekuja juma lile kutoka Kabalo, kwa hofu ya habari alizosikia, na begi tupu alilolileta nililiona nikajua ni la nguo za nani. Vidonge vilikuwa vimekwisha na malori hayapiti. Nilikuwa na usiku kadhaa sijalala vizuri, na kila rangi imeanza kung'aa. Mama mkwe aliona. Kambo naye aliona.

Kambo hakunitazama. Akamwita binti yangu.

"Kuya hapa, mwenzangu. Weye jina yako iliitwaka nani?"

Mtoto akalitaja. Ni jina la mama mzazi wa mama mkwe wangu, kambo wa mume wangu, tulilompa alipozaliwa. Na kwetu anayepewa jina anapewa na kiti. Mama mkwe hakuwahi kumwita mtoto yule kwa jina. Tangu siku ya ubatizo anamwita "mama," na akimsalimu anainama kidogo.

"Muzuri," kambo akasema. "Basi weye ni kambo wa baba yako. Na mama yako ni nani kwako?"

Mtoto akafikiri. "Muke mwenza?"

"Akiwa na makuta mu kitenge, unasema nini?"

"Leta."

"Leta tu? Unamuomba kama padri?"

"Leta, kichwa ya mbuzi!"

Tulicheka sote, hata mume wangu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto.

Asubuhi tulimsindikiza kambo stesheni na mfuko wa unga wa njiani. Mume wangu alikuwa amelipwa sehemu ya malimbikizo siku iliyotangulia, na kwa kuwa kambo anaondoka, hakujua la kufanya. Akanipa, kama desturi. Makuta yalikuwa kiunoni pangu yanawaka moto.

Pale stesheni watu walikuwa wanauza maisha yao. Kitanda kwa beseni la unga. Baiskeli kwa mikate. Na wanunuzi walikuwa majirani, watu wa misa ya kwanza, wazima wa akili, wanapatana bei na mama anayelia. Mwanamke mmoja alikuwa amekalia cherehani yake, ya miguu, nyeusi, ina maua ya dhahabu. Nilipoiona nikajua. Nitanunua cherehani. Nitanunua na vitanda, na baiskeli, na masufuria, kila kitu cha kila mtu, niwatunzie wote mpaka warudi, nitapanga ghala. Nilifungua fundo.

"Leteni!" nikapaza sauti. "Mi nanunua yote! Leteni hapa!"

Watu wakaanza kunizunguka. Mume wangu aliita jina langu mara moja tu. Mama mkwe alikuwa amesimama na mvulana wangu mgongoni mwake, amemfunga kitenge chake mwenyewe, tayari kabisa. Nilimwona. Nilijua maana yake. Na bado mkono wangu ulikuwa unatoka na makuta. Huo ndio ugonjwa wangu. Kujua hakukukosekana.

Kitu kikanivuta chini.

"Leta makuta ya bwana yangu, kichwa ya mbuzi!"

Alikuwa ananifika kiunoni. Mkono mmoja ameshika kitenge, mwingine ameufungua mbele yangu, amekunja uso vile vile kambo anavyoukunja. Mwanamke wa cherehani akaacha kulia, akashika mdomo. Mtu akacheka. Na huko kwenye mizigo kambo akapiga vigelegele vya kizee, vikakatwa na chafya.

"Anakupora, muke mwenza! Kasirika basi! Mi nachukua kuku mu njia!"

Hasira ilikuja, siongopi. Ilifika shingoni. Niliutazama ule uso mdogo uliokunjwa na nikaona kwamba yeye hana hofu nami, kwamba anangoja tu zamu yangu ya kutukana.

"Chukua," nikasema. "Chukua, kazee kasiko na meno ya mbele! Bwana gani atakutaka, unakojoa kitandani!"

Stesheni ile, yenye watu waliolala chini na wasiojua watalala wapi, ilicheka. Mtoto akayabeba makuta kwa mikono miwili, akampelekea baba yake, na baba yake akaenda zake sokoni mbio, kama mainjinia.

Mwanamke wa cherehani alibaki ananitazama mimi niliyeahidi kununua. Kambo akachota unga kutoka mfuko tuliompa, akampa, akamwambia akae na mashine yake, na unga ataurudisha wakifika Kasai, na faida juu. Walipanda behewa moja. Kambo hakutuaga kwa machozi. Alitoa kichwa dirishani akamwambia mume wangu, aliyekuwa amerudi na gunia la unga, kwamba anamwacha, ameshampatia mke mwingine, kijana.

Nyumbani mama mkwe alifungua begi akaanza kukunja nguo za watoto.

"Leo mutoto amekuokoa," akaniambia. "Na kesho?"

Kesho yangu hata mimi siijui. Binti yangu aliingia, akaona gauni lake begini, akalitoa.

"Ile gauni inaenda wapi?"

"Kabalo, mama. Tunaenda pamoja, weye na ndugu yako."

"Nani amesema?"

Mama mkwe akafungua mdomo. Hakuna mtoto anayeuliza hivyo katika ukoo wao. Lakini mama anauliza.

"Mi siende," mtoto akasema. "Kazi yangu iko hapa. Na weye uko mutoto yangu, unanipeleka bila kuniuliza?"

Kambo hakuwa amemfundisha hilo; nilimuuliza mtoto baadaye. Mama mkwe aliketi kitandani. Alilichukua gauni, akaliweka mapajani, akapitisha vidole kwenye mshono. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama anapomsalimu.

"Basi mama amekatala," akasema. Akanigeukia mimi. "Lakini siku mama akisema amechoka, nitakuya."

"Atasema yeye," nikamjibu. "Siyo weye."

Ni jibu la ukali kwa mama mkwe. Alilipokea.

Malori yalipofunguliwa njia nilipata vidonge. Siku mama mkwe aliporudi Kabalo, mume wangu alinipa mimi nauli ya mama yake, niibebe mpaka stesheni, maana ni heshima mkwe apewe nauli na mke wa nyumba. Binti yangu alitembea ubavuni mwangu njia nzima, macho kwenye mkono wangu. Ilinikasirisha sana. Tulipofika nikampa mama mkwe makuta yake yote, akayafunga kwenye kitenge bila kuyahesabu, akapanda. Watoto wangu wawili wakabaki chini, pamoja nami.